Hewa Safi ya Nyumbani kwa Matiko

Matiko alisomewa matokeo mara mbili, na mara zote mbili hakuelewa. Danford, mtafiti aliyetumwa na serikali kuja Kewanja kupima hewa na vifua vya watu, alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akatangaza kwamba kati ya kaya kumi zilizopimwa, yenye hewa safi kuliko zote ni ya Mama Matiko. Watu wakageuka kumtazama. Alitaka kutabasamu, maana si kila siku mtu anasifiwa na serikali hadharani, lakini tabasamu likamkwama njiani.

Hewa safi ipi? Nyumba yake iko hatua hamsini tu kutoka kwenye karasha la Waitara, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayonguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Vumbi lake ni jeupe kama unga wa muhogo. Matiko hulifagia asubuhi, akalifagia tena mchana, na jioni akalikuta limelala kwenye masufuria kana kwamba hajafanya kitu.

Na Precious je? Mjukuu wake huyo wa miaka sita, ambaye marehemu binti yake alimwachia, alikuwa anakohoa mwaka wa pili sasa. Zahanati walishampa dawa za kila rangi. Mwisho nesi Agness alimwambia bila kuzunguka, "Mama, dawa zitafanya nini kama mtoto anarudi kulala mle mle kwenye vumbi? Huu utafiti ukilionyesha, Waitara ataamriwa ahamishe karasha. Usipolionyesha, hakuna wa kumgusa." Ndiyo maana Matiko alikubali kile kifaa, kilichofanana na redio ndogo, kining'inizwe sebuleni kwake siku tatu.

"Mwanangu," alimwita Danford, "kama hewa ni safi, mtoto wangu anakohoa nini?"

"Labda moshi wa jikoni, mama."

"Napikia nje."

Danford akarudi kwenye karatasi zake. Waitara, aliyekuwa ameketi karibu na mwenyekiti wa kijiji, alitikisa kichwa kwa upole wa mtu aliyeonewa siku nyingi. "Serikali imesema. Mimi niliwaambia zamani, mkaniona mbaya."

Nyuma ikaanza minong'ono kwamba Matiko kapewa kitu na Waitara. Yeye mwenyewe kichwa kilimzunguka. Labda mtoto karogwa. Labda anajikoholesha ili asitumwe maji. Labda mchafu ni mimi bibi yake, aliwaza, na hapo machozi yakamlengalenga.

Kilichomwokoa ni kwamba Danford naye hakuwa anaelewa. Zile namba zilikuwa safi kuliko za ofisini kwake Dodoma, penye viyoyozi. "Mama, kifaa kilikaa wapi?"

"Palepale ulipokining'iniza. Sikukihamisha hata kidogo."

"Na hakikufunikwa na kitu?"

Matiko alimtazama kijana huyu aliyesoma mpaka akamaliza, akamhurumia. "Sasa niache mali ya serikali iingie vumbi? Nilikivalisha kitambaa kile kizuri cha redio, cha kufuma. Juu yake nikafunga na nailoni."

Tuseme ukweli, hakuna aliyeshangaa isipokuwa mgeni. Nyumba yoyote yenye adabu kijijini hapo ina kitambaa cha kila kitu: cha kochi, cha redio, cha runinga, hata cha mtungi wa gesi. Kitu cha thamani kikikaa uchi, aibu ni ya mama mwenye nyumba. Na siku ile ya kufunga vifaa Danford alikuwa na haraka ya kufika kaya nyingine. Alichosema ni "Mama, kitunze sana, ni cha bei kubwa," akapanda pikipiki akaondoka.

"Mimi nilikifungia kwenye sanduku," alisema mzee Erasto kwa fahari.

"Sisi tulikitia ndani ya foronya," mwingine akadakia.

Ikaonekana kwamba kaya tisa zilikuwa zimeitunza mali ya serikali kupita kiasi. Kifaa cha kaya ya kumi kilipigwa teke na ndama siku ya kwanza. Mkutano ulicheka mpaka watu wakashikana mabega, Danford peke yake ndiye aliyekaa chini akajishika kichwa. Alipoinuka alisema limebaki chujio moja tu la kunasa vumbi ndani ya kifaa ambalo halijatumika, na ripoti inatakiwa wiki hiyo hiyo. Angerudia nyumba moja, ya Matiko, kwa saa ishirini na nne, kuanzia kesho.

Waitara alisikia yote hayo. Akaaga mapema.

Kesho yake saa mbili asubuhi Danford alikining'iniza kifaa ukutani, bila kitambaa, akaapisha watu wasikiguse, akaenda zake. Matiko aliketi kizingitini kulisubiri vumbi. Saa tatu ikapita, ikafika saa nne. Upande wa karasha palikuwa kimya, wakasikika njiwa ambao Matiko alishasahau kama wanaishi pale.

Saa tano alishindwa kuvumilia, akajifunga kanga akaenda.

"Shikamoo mama," Waitara alimwamkia. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mawe anakunywa chai.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, mbona huwashi?"

"Mkanda umekatika."

"Mkanda huo hapo, mzima."

Waitara aliutazama, akapuliza chai. "Mama, miaka miwili unanililia nizime. Leo nimezima, unanililia niwashe. Sasa mimi nifanye lipi?"

Maneno yalikuwa ya kweli, na mtu alikuwa mwongo. Matiko alirudi nyumbani anasema peke yake.

Uani alimkuta Precious anaruka kamba. Aliruka ishirini, akaruka thelathini, akacheka, akaendelea. Matiko alisimama akasikiliza kikohozi, hakikuja. Mtoto alikula ugali wote akaomba wa nyongeza. Matiko alifurahi, kisha akaogopa, kisha akaona aibu kwamba anaogopa mjukuu wake kuwa mzima. Kila pumzi nzuri ya Precious ilikuwa inaandikwa mle ndani ya kifaa, na ndiyo ingempa Waitara ushindi. Aombe nini kwa Mungu sasa? Alikaa hivyo mpaka jua likazama, hajui amshukuru nani wala amlaani nani.

Asubuhi, saa mbili kamili, Danford alizima kifaa, akalitoa lile chujio, akalifungia ndani ya boksi kwa utepe wa gundi.

"Jana karasha halikuwaka," Matiko akamwambia. "Mtoto hakukohoa. Andika hivyo."

"Fomu haina hiyo sehemu, mama. Inataka namba tu."

Hajamaliza kusema, karasha likanguruma. Vumbi jeupe likainuka juu ya ua wa minyaa, likaja taratibu. Precious, aliyekuwa ameshika kamba yake, aliruka mara nne, akasimama, akashika kifua, akaanza.

Danford akatazama saa yake, akatazama boksi.

"Lifungue," Matiko akasema.

"Siwezi. Chujio nililonalo ndilo hili, na limeshamaliza kazi yake."

Matiko aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka katikati ya ua, mbele ya mtoto. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka zimemtuliza.

"Kaa hapa. Si unataka namba? Hesabu anavyokohoa, mpaka saa sita. Anza na ya jana. Andika: jana, sifuri."

Danford alisita. Kisha akaketi, akaigeuza fomu upande usio na maandishi, akaandika sifuri. Chini yake akachora mstari wa kwanza, na kabla hajainua kalamu, ukaja wa pili.