Mensima Achota Maji Kanisani

Jumapili ile mhubiri alikuwa amefika kwenye kisa cha mwanamke Msamaria kisimani. Kwa Wafante wa pwani ya Ghana, mama akiguswa na neno humkatiza mhubiri kwa wimbo, akaigiza lile linalohubiriwa, na mhubiri hungoja. Kazi hiyo ilikuwa ya Nana Ekuwa miaka arobaini, lakini sauti ilikuwa imemkauka. Akasimama mjukuu wake, Mensima.

Aliimba, akainama, akashusha kamba isiyokuwepo. Ndoo isiyokuwepo ikapanda imejaa. Maji baridi yakatambaa hadi kiti cha mbele. Mhubiri akapandisha kanzu yake, akaendelea. Bomba la mji lilikuwa kavu siku kumi na moja, kwa hiyo baada ya Amina watu walileta mabeseni, wanakwaya wakitangulia.

Jumatatu wazee wa kanisa walikaa kuamua kama Mensima apewe baraka akasomee uigizaji chuoni. Baba yake alisema bila baraka haendi.

“Kuigiza ni kusema uongo kwa mwili mzima,” alisema Mzee Ansa, akimimina glasi ya maji yale. “Leo Msamaria, kesho kahaba.”

“Msamaria mwenyewe alipitia waume watano, mzee wangu,” alisema Nana Ekuwa. “Mbona maji yake unayanywa?”

Akina mama dirishani wakacheka.

“Pale kanisani Mensima alimwigizia Mungu,” alisema Mzee Ansa.

“Na chuoni Mungu haingii? Kakosa nauli?”

Mzee Ansa alimaliza glasi. Wazee wote tisa walikataa kutoa baraka. Wakaomba, hata hivyo, Mensima aendelee kila Jumapili mpaka bomba lirudi.

Njiani Mensima aliuliza, “Nana, kweli ni dhambi?”

“Nilimuuliza Mungu hivyo hivyo nilipokuwa kama wewe. Hakunijibu. Alinipa sauti, nikaitumia mpaka ikaisha.”

Kwa Wafante mtoto ni wa damu ya mama, na neno la mjomba hupita la baba. Nana alimwita mjomba wa Mensima, naye akambebea sanduku la safari. Mensima alipita barabara kuu mchana kweupe, amevaa kitenge cheupe cha bibi yake, maana kwao nyeupe ni rangi ya ushindi.

Jumapili iliyofuata Mensima hakuwepo, lakini maji yalipanda yenyewe hadi magotini, na wenye viatu vya ngozi walielekezwa ghorofani. Karani alisoma kutoka daftari la kanisa: “Mensima, mjukuu wa Ekuwa, amekwenda kusomea uigizaji bila baraka.”

Nana Ekuwa alisimama majini.

“Soma tena, mwanangu,” alisema. “Wa nyuma hawakusikia.”