Kombe la Gradi

Asubuhi ya mechi Sidonie alitwanga sombe, majani ya muhogo, akaipika kwa karanga, akalifunga bakuli kwa kitambaa. Mwanawe Gradi hakuwahi kucheza vizuri akiwa na njaa, na kufa hakukumbadilisha katika hilo. Kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama huyo alipanda boda hadi Rwekubo, akapata gari la Mbarara, na alipofika uwanja wa kambi ya jeshi alimkuta mwanawe nyuma ya goli, anafunga kamba za viatu. Alikula amesimama. Akasema chumvi ni kidogo.

Gradi alizaliwa Nakivale, mtoto wa wakimbizi wa Kivu Kusini. Raga alifundishwa na Sajini Naboth katika uwanja huohuo, na mbio zake zilisimuliwa kantini hadi wanajeshi waliokuwa hawaipendi raga wakazijua. Alipoomba kuchezea taifa, wakubwa wa upande wa Uganda walimwambia yeye ni Mkongomani. Wa upande wa Kongo wakamwambia hawamjui mtu aliyezaliwa Isingiro, wilaya ya Uganda. Kisha skramu, lile fungu la wachezaji wanaosukumana vichwa chini, ikaporomoka mazoezini, akavunjika shingo, na waliokuwa wakimsukumiana wakaanza kumgombania. Kila upande ulimwita kijana wetu. Kamati ikaundwa, kombe likachongwa jina lake, na tangu hapo timu mbili za taifa hulishindania kila mwaka.

Marehemu naye huja kucheza. Kipindi cha kwanza huvaa jezi ya Uganda, cha pili ya Kongo, maana hataki kuonekana anapendelea. Wachezaji wamemzoea, humpa pasi, humwangusha, humsaidia kuinuka. Siku hiyo alifunga trai, bao la raga, kila kipindi. Refa, mtu makini, alizikataa zote kwa sababu mfungaji hakusajiliwa. Wengine hawakupata nafasi ya kufunga, hivyo mechi iliisha bila pointi, kama kawaida, na kombe likarudi kwenye kabati la kamati.

Sidonie alimwendea Sajini Naboth kwenye ubao wa matokeo.

"Afande, mutoto wangu alifunga. Juu ya nini munaandika sifuri?"

"Mama, macho yangu imeona," Naboth alisema. "Lakini mimi naandika ile refa anasema."

Sidonie akaenda hadi hema la wageni wa heshima. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Karekezi, alimpokea kwa adabu na kumshukuru, kwa niaba ya nchi mbili, kwa kumzaa marehemu. Sidonie akamweleza kwamba mwanawe hapumziki. Wamsajili upande wowote, hata Kongo aliyoikimbia yeye mwenyewe, ili trai zake zihesabiwe akalale. Karekezi alisikitika. Kombe hili, alifafanua, ni la kumkumbuka mchezaji tusiye naye tena. Akisajiliwa, tutakuwa naye, na kombe litakosa maana.

"Basi muache kombe," Sidonie alisema, "mumuchukue yeye."

Karekezi akageukia meza, kwa sababu nyama ilikuwa imeletwa.

Hata hivyo kamati haikuwa na moyo wa jiwe. Ilikaa, ikajadili, na mwaka uliofuata Gradi alialikwa rasmi. Walimpa shati jeupe lisilo na bendera. Bendi ya kambi ikapiga nyimbo za mataifa yote mawili, naye akalibeba kombe kutoka hemani hadi katikati ya uwanja, akaliweka mezani, akapigiwa makofi marefu. Kisha askari mmoja akamshika mkono kwa upole na kumpeleka nje ya kamba, alipokuwa mama yake, maana mechi ilikuwa inaanza na uwanja ni wa waliosajiliwa.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kombe lilielekea kupata mshindi. Pointi ziliingia ubaoni bila tabu. Sidonie alimwambia mwanawe waondoke, jua ni kali na hapa hana kazi tena.

Gradi alikuwa amevua shati na kuanza kunyoosha misuli.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Pengine mutu ataumia."