Shuka Juu ya Waya

Shuka ilikuwa ya maua ya bluu, mbichi, bado inachuruzika maji. Niliianika mimi, kwa mikono hii hii, nikaivuta vizuri ifunike waya. Nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama unaonekana. Hauonekani. Nikafurahi. Hapo ndipo ninapotaka mama wenzangu wasome polepole: nilifurahi.

Nina oveni ya umeme hapa Busanza, kwenye kibanda kinachotazamana na mlango wetu. Naoka mikate ya maziwa na keki za watoto wa shule. Mwaka juzi bei ya umeme ilikuwa inanimaliza kabisa. Kuna wiki oveni ilikaa baridi kama sanduku la nguo. Ndipo serikali ikatuletea nafuu sisi wa biashara ndogo: unafungiwa mita ya biashara peke yake, na umeme wake unauziwa bei ya chini. Sharti ni moja, usiutoe nje ya biashara. Siku walipoifunga nililia mbele ya fundi. Ule msaada siusemi vibaya hata kidogo. Ulinipa pumzi.

Mbaya nilikuwa mimi. Siku moja napiga pasi ndani, nikawaza: umeme wa rahisi uko hatua kumi tu kutoka hapa. Nikanunua waya. Haukufika. Nikauunga na mwingine, na pale kwenye kiungo nikazungusha selotepu ya mwanangu Ihirwe, ile ya kujalidia madaftari. Nikaupitisha juu ya kamba ya chuma ya kuanikia nguo, hadi ndani ya nyumba.

Jirani yangu Raihana akauona, akacheka mpaka akashika kiuno. “Mama Ihirwe! Sasa hata pasi yako iko kwa serikali?”

“Nyamaza wewe! Chai unayokunywa kwangu kila siku inachemkia wapi?”

Tukacheka sote.

Ijumaa moja mchana Raihana akaja mbio: Gatera, mkaguzi wa zile mita, yuko nyumba ya tatu. Ningeweza kuchomoa tu. Lakini maharage yalikuwa kwenye jiko la umeme ndani, yamekaribia kuiva. Nikachukua shuka kwenye beseni.

Gatera aliingia kibandani kwa adabu, akasoma mita, akasifu harufu ya mkate. Nje mvua ilianza kudondoka, tone hapa, tone pale. Ihirwe alikuwa ametoka shule, ameshavua viatu mlangoni. Ana miaka minane. Mimi ndiye niliyemfundisha: ukiona mvua, usingoje kutumwa.

“Mama, naanua nguo!”

Nilisikia. Neno lilifika hapa, kwenye meno. Gatera alikuwa mbele yangu na kalamu yake, anaandika. Nikanyamaza.

Ni kama kuvuta pumzi moja tu. Halafu nikasikia sauti ambayo si ya mtoto wangu, inatoka kwake.

Gatera alirukia swichi ya mita, akaizima. Yeye ndiye aliyembeba hadi barabarani, anakimbia, shati limelowa, anamwita kwa jina kana kwamba anamjua tangu azaliwe. Kituo cha afya walisema moyo uko sawa. Kiganja kiliungua.

Pale kwenye benchi Gatera hakunigombeza. “Mama, si ungeniambia tu iko waya? Ningesema toa, basi.”

Aliandika alichokiona, na nafuu ikasimamishwa. Miezi sita baadaye alileta fomu mwenyewe, niombe upya. Nikaomba, wakanirudishia. Kwa hiyo mikate ipo, karibuni.

Lakini Ihirwe sasa hashiki kitu bila kukipima kwanza kwa mgongo wa mkono. Kamba, kitasa, kikombe. Jana mchana nilisinzia kwenye kiti, akaja kuniamsha. Nikahisi mgongo wa mkono wake shavuni, haraka, ukatoka. Akangoja kidogo.

Halafu ndipo akaweka kiganja.