Moto wa Manjano

Asubuhi ya Jumanne kimoto cha kuwashia boila ya gesi inayopasha nyumba joto kilizimika mara ya tatu. Enid Hartshorn akapiga tena magoti jikoni, kidole kwenye kitufe, mkono wa pili umeshika kiberiti.

"Bonyeza, uhesabu ishirini," mumewe Wilf alimwelekeza kutoka kitandani. "Usiachie mapema kama jana."

"Nahesabu. Ukinisemesha napotea."

"Miaka hamsini na miwili umeolewa na fundi wa gesi, ishirini bado inakushinda."

Kitanda cha Wilf kilikuwa kimeshushwa sebuleni, kando ya jikoni, tangu hospitali ilipomruhusu. Mapafu yalikuwa yamechakaa. Muuguzi alimwambia Enid mlangoni kwa sauti ya chini kwamba mzee asipigwe na baridi hata kidogo, safari hii hatastahimili. Na nje, mji mzima wa Barnsley ulikuwa umeganda kwa barafu.

Kimoto kikashika. Boila ikanguruma.

"Rangi gani?" Wilf akauliza.

Enid akachungulia kwenye kidirisha. Ndimi zilikuwa za manjano, zikiyumba kivivu na kuacha masizi.

"Bluu," akasema.

Alijua anachosema. Wilf angesikia manjano, dalili ya moto unaokosa hewa na kutoa sumu, angeamuru boila izimwe papo hapo. Na alijua pia sababu. Ijumaa iliyopita, alipoona upepo wa tundu la hewa la jikoni unamfikia mumewe miguuni, alilishindilia sweta yake kuukuu. Wilf aliwafokea watu kwa kosa hilo miaka arobaini. Kila baridi ikianza walikuwa wakiziba matundu kwa soksi na magazeti, naye akirudi nyumbani huwasimulia huku akinywa chai, na Enid huwacheka. Leo tu, alijiambia siku ile. Leo ikawa siku nne.

Kufika adhuhuri nyumba ilikuwa na joto zuri. Enid alikuwa anamletea supu bakuli likamponyoka, akalazimika kukaa chini palepale.

"Kichwa kinanigonga," Wilf akasema. "Wewe je?"

"Tangu jana. Mafua tu."

"Njoo nikuone."

Akajikokota hadi kitandani. Wilf alimtazama macho kwa muda mrefu.

"Ule moto una rangi gani, mama?"

"Manjano," Enid akajibu, akaanza kulia.

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. "Kafunge gesi pale kwenye mita. Kisha fungua milango na madirisha yote."

"Baridi itakuua, Wilf."

"Huenda. Hewa hii itatuua wote wawili, tena hatutasikia hata harufu."

"Basi ituue wote."

"Usiniletee ujinga uzeeni. Ningeweza kusimama ningefunga mwenyewe. Nenda, mke wangu."

Akaenda. Baridi ikaingia, pazia likapepea juu ya kitanda. Akapiga simu hospitali na kwa mafundi wa gesi; akaambiwa gari la wagonjwa lingechelewa, barabara zilikuwa barafu tupu. Bi Threlfall wa nyumba ya pili alileta chupa mbili za maji ya moto na koti la marehemu mumewe, akamfunika nalo Wilf bila kuuliza lolote. Enid alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia. Wilf alikuwa akitetemeka kama kifaranga.

Fundi wa gesi, Ibbotson, ndiye aliyetangulia kufika. Kazi alifundishwa na Wilf, na sasa naye alikuwa na mvi. Alikagua boila, kisha akasimama mlangoni na sweta mkononi. Ilikuwa ya kike, ya zambarau, yenye vifungo vya lulu.

"Nani aliziba tundu?"

Enid akafungua kinywa.

"Mimi," Wilf akasema.

"Wewe, bosi?"

"Upepo ulinisumbua. Andika hivyo. Na tundika lebo nyekundu, usinionee haya."

Ibbotson alimtazama mwalimu wake, akaitazama sweta, akaandika. Akatundika lebo ya kukataza boila isiwashwe. Hewa ilipokuwa imesafika alifunga madirisha, akatoa hita ya umeme garini mwake, akapiga magoti, akawa anamsugua Wilf miguu mpaka wahudumu wa gari la wagonjwa walipobisha hodi.

Wilf alifariki hospitalini siku ya Ijumaa. Daktari alisema ni mapafu.

Baada ya mazishi Ibbotson alikuja kufunga boila mpya. Enid alisimama nyuma yake, bado amevaa koti.

"Ni mimi niliyeziba lile tundu," akamwambia.

Ibbotson aliendelea kukaza nati. "Najua, mama. Niliandika alivyotaka."

"Hata mimi hakuniuliza."

"Alijua."

Akamaliza, akawasha, akamwita aje autazame moto. Enid hakwenda. Alikaa sebuleni palipokuwa na kitanda, akisikiliza mabomba yakianza kupata joto, moja baada ya jingine, mpaka nyumba nzima ikawa na joto, na hakuna mtu wa kupashwa.