Ubao Unaofaa Chumba cha Maisie

Jumanne saa tatu asubuhi, Wilf Ackroyd, fundi vigae, alipiga magoti katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya kupanga katika mji wa Keighley, akalaza pimamaji juu ya mbao za sakafu na kusubiri kiputo chake cha hewa kitulie. Hakikutulia. Mbao zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na kila zikishuka zilitoa mluzi mwembamba. Wilf alitazama saa yake akahesabu: mara thelathini na nane kwa dakika. Akaandika kwenye daftari, "Sakafu inacheza, milimita tatu."

Sakafu yoyote ya mbao hucheza. Ndiyo maana fundi mwenye akili timamu habandiki vigae moja kwa moja juu yake. Vitapasuka kabla mwenye nyumba hajamaliza kujisifu. Lazima kwanza ulaze ubao wa katikati, kati ya sakafu na vigae, na ufundi wote uko katika kuuchagua.

"Ni Maisie huyo, binti yangu," alisema mpangaji, Janine Sugden, akimwekea chai dirishani. "Kitanda chake kilikuwa hapo ulipo. Ana pumu. Alikuwa nayo."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne. Tangu Februari ni minne tu, haiongezeki."

"Pole, mwanangu," Wilf akamwambia Janine, akasogeza goti.

Janine alitakiwa kuhama Ijumaa. Barua zake saba kuhusu unyevu zilikuwa zimejibiwa kwa moja tu, nayo ilikuwa ya kumtoa. Kuta zilipakwa rangi nyeupe wiki iliyopita, na tayari ukungu mweusi ulikuwa unachungulia kwenye kona.

Saa nne akaja Gareth, wakala wa mwenye nyumba, akaruka mbao mbili zilizokuwa zinapanda kama mtu anayekwepa dimbwi.

"Mzee, plaiwudi si inatosha? Piga skrubu, bandika, tuondoke."

"Plaiwudi inakunywa maji. Kwa unyevu huu itavimba kama biskuti kwenye chai."

"Basi weka ule wa saruji."

"Wa saruji ndiyo. Unaupaka gundi kwa chini, unaupiga skrubu kila baada ya shubiri na nusu. Ukishashika, hakuna kinachocheza."

Janine alikuwa mlangoni. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

"Hakuna mwingine? Ulio laini kidogo?"

"Upo wa povu gumu, mwepesi kabisa. Lakini nao unataka kilicho chini yake kitulie kwanza. Zote zinataka hivyo."

Janine alitikisa kichwa polepole. Gareth alisoma simu yake.

Kabla ya kuchagua ubao, ni lazima ujue unaulaza juu ya nini. Wilf aling'oa ubao mfupi kando ya ukuta, akamulika tochi. Mihimili ilikuwa myeusi, na bisibisi ilizama ndani yake mpaka kwenye mpini. Matundu manne ya hewa, yale yanayoachwa chini ya ukuta ili sakafu ya mbao isioze, yalikuwa yamezibwa kwa saruji. Ua ulipowekwa mawe miaka mitatu iliyopita, mafundi waliona ni usumbufu kuyazunguka. Tangu Maisie akiwa na mwaka mmoja, hakuna upepo uliopita chini ya chumba kile.

"Ubao siyo shida," Wilf alimwambia Gareth. "Fungua haya matundu. Sakafu ikikosa hewa, chumba kinakosa, na anayelala humo anakosa."

"Umeitwa kwa vigae, mzee. Ule ua bado mpya."

"Mtoto amekufa, Gareth."

"Najua. Tulituma kadi ya pole."

Wilf angeweza kukusanya vifaa vyake akaenda zake. Alifikiria hivyo kwa muda wa kunywa chai yote, kisha akabaki. Alijiona mwoga, na hakukosea.

Ubao mfupi aliokuwa ameung'oa ulikuwa bado unapumua mkononi mwake. Zile nyingine zilikuwa zimenyamaza, na kiputo kimesimama katikati. Akamwita Janine.

"Naruhusiwa kuuchukua?" aliuliza.

"Chukua. Nimeuandika kwenye orodha ya takataka."

Janine aliuzungushia taulo la njano, akatoka nao uani, akaketi kwenye ngazi. Kulikuwa na upepo. Baada ya nusu saa Wilf alimfuata na saa yake, akahesabu: ishirini na nne kwa dakika, bila mluzi.

"Hewa tu," Janine alisema. "Kumbe alitaka hewa tu."

Akalia, ubao ukiwa umelala kifuani pake. Wilf alikaa naye mpaka alipomaliza, kisha akarudi ndani kukata ubao wa saruji.

Mafundi wa huko huandika jina na tarehe mahali patakapofunikwa. Jumatano, kabla ya kulaza kipande cha mwisho, Wilf aliandika kwa penseli juu ya mbao: "Matundu manne yamezibwa. Maisie Sugden, miaka minne." Akapaka gundi, akalaza kipande chake, akapiga skrubu zote, hakuacha hata moja.

Ijumaa, Janine alipanda basi na sanduku moja, taulo la njano mapajani. Dereva alimwomba ainue kichwa cha mtoto kidogo, njia ina mashimo.

Jumatatu Gareth aligonga vigae kwa kisigino. "Umeona? Kimya." Nyuma yake aliingia mwanamke amebeba mtoto mchanga, na mumewe akiburuta kitanda kidogo.

"Tukiweke hapa ukutani?" mwanamke alimuuliza Wilf.

"Weka dirishani. Na uwe unalifungua."

"Halifunguki," mwanamke alisema, akilisukuma. "Rangi imelishika."

Wakakiweka ukutani. Wilf alikuwa anafuta kigae cha mwisho mtoto alipokohoa.