Madoa ya Mzee Pima

Seremala mmoja, aliyebandikwa jina la Mzee Pima kwa kupima kila ubao mara mbilimbili kwa futi, aliumwa kichwa mwezi mzima. Mkewe, mshonaji, akamkokota hospitali akapigwa picha ya MRI ya ubongo. Majibu yalitoka kabla ya siku ya kumwona daktari, na binti yao akayasoma sebuleni: "Madoa machache meupe. Yalinganishwe na dalili za mgonjwa."

"Madoa!" Mama akashika kichwa. "Ubongo umeingia kutu!"

Tangu hapo Mzee Pima akawa yai. Redio ikawa yake, na neno la mwisho likawa lake. Akiacha bomba wazi, anagusa paji: "Si mimi, ni madoa." Hofu alikuwa nayo, hasa taa zikizimwa, ila kudekezwa kulikuwa kumeshamnogea. Aliyekonda ni mkewe: cherehani yeye, jikoni yeye, na usiku kutega sikio kama mume bado anapumua.

Siku ya miadi, daktari akafungua picha kwenye kompyuta. "Haya ni kama mvi, mzee. Wengi wa umri wako wanayo. Wakati mwingine huletwa na presha au sukari, ndiyo maana tutakupima. Uvimbe hakuna. Dalili ya kiharusi hakuna."

"Hakuna kabisa?" Mzee Pima aliuliza kwa sauti ya mfiwa.

"Kabisa. Ila macho ukapimwe, huenda ndiyo yanayokuumiza kichwa. Unakunja uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano."

Sukari ilikuwa sawa, presha sawa. Mkewe akainuka kushukuru, chumba kikamzunguka, akarudi kitini puu!

"Hebu na mama naye," daktari akasema.

Nesi akamfunga mkanda wa presha, akatazama namba, akangoja kidogo, akapima upya. Ikatoka ileile.

"Mama, mara ya mwisho ulipima lini?"

"Mimi? Mgonjwa si huyu hapa!"

Walitoka na dawa za presha na miadi mingine, vyote vya mama. Jioni Mzee Pima aliingia jikoni mwenyewe, akaunguza sufuria. Mkewe akataka kuinuka.

"Kaa, mama watoto. Daktari kasema usihangaike."

"Kasema nipunguze chumvi."

"Basi umepona. Nimesahau kuitia."