Saa Kwenye Mkono wa Kulia

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliendesha malori miaka thelathini na hajawahi kumuuliza mtu njia. Kwa sifa hiyo ukoo mzima unamwita Dira. Kila mwaka yeye na wifi yangu hupanda mlima ulio nje ya mji, na tangu nifanyiwe upasuaji wa goti, mimi huachwa kwenye maegesho kulinda mikoba. Mimi, niliyelea watoto wanne kwa cherehani, nilinde mikoba.

Mwaka huu nikasema napanda, tena natangulia mimi. Binti yangu alikuwa amenipa saa janja, akaiwekea programu ya ramani na njia nzima ya kupanda, inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Mstari wa buluu ni njia, mshale ni wewe. Ukitoka njiani, saa inatetemeka.

"Sawa," Dira akasema, akichekea puani. "Ila ukitupoteza, shemeji, habari ya wewe kupanda mlima iishe. Mwakani na miaka yote unabaki garini."

"Nimekubali," nikajibu. Nilijua hatanii, na wifi naye hakumpinga.

Saa moja ya kwanza nilitamba. Kila penye njia panda nilitazama mkono, nikanyoosha fimbo, wakafuata. Kisha ukungu ukashuka, mzito, tukawa hatuoni zaidi ya hatua kumi mbele. Sikujali. Saa ilikuwa kimya, na kimya maana yake tuko sawa. Njia ilipogawanyika kwenye mwamba uliopasuka, nilishika ile pana ya kulia bila hata kuitazama. Kama nimekosea, itaniambia.

Dakika ishirini baadaye njia iliishia vichakani. Wifi akakaa chini. Hapo ndipo nilipoitazama saa. Haikuwa na ramani. Ilionyesha saa nne na nusu, basi.

Nyuma ya kiganja changu kulikuwa na alama nyekundu ya duara, saizi ya kifungo cha shati. Nikaelewa. Watu huvaa saa mkono wa kushoto. Wangu wa kushoto ni wa kimto cha kuchomekea pini ninaposhona, miaka thelathini na moja sasa, na hata siku nisiyoshona siwezi kuufunga kitu kingine. Basi saa niliivaa kulia, mkono ule ule wa fimbo. Kitufe cha kufunga programu kiko ubavu wa kushoto wa saa, kwa hiyo kilielekea kiganjani, na nilipoiegemea fimbo kwa nguvu, mkono ukapinda na mgongo wa kiganja ukakibonyeza.

"Tumepotea," Dira akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi.

Ningeweza kuisingizia saa. Ulimi uliniwasha. Lakini nguo niliyoikosea huwa naifumua mbele ya mteja, sisubiri aondoke. "Kosa ni langu," nikasema, nikawaeleza lote, na alama nikawaonyesha. Nikaihamishia saa mkono wa kushoto, nikajihisi kama nimevaa kiatu cha mwenzangu, nikafungua programu upya. Mshale ukatokea. Mstari wa buluu ulikuwa kushoto kwetu, mita mia tatu.

"Kumbe ni hapo tu," Dira akasema. "Tukate hapa hapa."

Nikasogeza ramani kwa kidole. Kati yetu na njia, mistari ya mwinuko ilikuwa imebanana kama marinda ya sketi. Binti alinionya kwamba ikibanana hivyo ni genge, mahali ardhi inapokatika ghafla.

"Hapana. Tunarudi mpaka kwenye mwamba."

"Mimi sijawahi kurudi nyuma, shemeji."

Akaingia vichakani. Hatua sita, saba. Jiwe likamponyoka chini ya mguu, tukalisikia likigonga, kisha kimya, kisha likigonga tena chini kabisa. Nikatoa sauti ninayowatolea wanafunzi wangu wa ushonaji.

"Simama. Geuka. Fuata sauti yangu."

Alirudi akitambaa, rangi imemtoka. Wifi akainuka, akajipanga nyuma yangu.

Tulirudi njia yote. Kwenye mwamba uliopasuka mshale ukaingia juu ya mstari, nami nikalia kidogo, sitaficha. Kisha tukapanda. Goti liliuma, nikalitukana kimoyomoyo, nikaendelea. Ilipofika saa tano na nusu tulitokeza juu ya ukungu, kwenye jua, na hakukuwa tena na mahali pa kupanda. Nilisimama kwenye jiwe la juu kuliko yote nikacheka kwa sauti, mpaka wifi naye akacheka akanishika kiuno nisianguke. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo.

Dira alikunywa maji, akautazama ukungu uliofunika kila njia chini yetu. Kisha akafunga kamba za viatu, akaja akasimama nyuma ya wifi, wa mwisho.

"Shemeji," akaniuliza, "tunashukia wapi?"